Ajali haina kinga? Historia ya silaha za mwisho za manowari



Kila kunapozuka vita baharini huwa nasikia maneno ya aina mbili. Wapo wanaosema: manowari ya mamilioni ya dola imepigwa na kombora moja tu, basi hizo teknolojia zao ni porojo tupu. Na wapo wanaosema kinyume chake, kwamba mashine za siku hizi zinaona zenyewe, zinapima zenyewe na kupiga zenyewe, kwa hivyo hakuna kinachoweza kuzipita. Mimi si mwanajeshi. Fani yangu ni umeme, na historia ni mapenzi tu. Lakini nimeyasoma mambo haya kwa miaka mingi, na naona pande zote mbili zinazungumzia nusu ya habari.

Nataka hapa nieleze, kwa ufupi kadiri ya uwezo wangu, historia ya silaha zile ambazo manowari inazitegemea pale mengine yote yameshashindwa: mizinga midogo inayopiga haraka na makombora mafupi ya kujikinga na ndege au kombora lililokwisha kukaribia. Watu wa fani huziita kinga ya mwisho. Na jambo hili halituhusu kwa mbali. Wengi wetu tuna ndugu Muscat, Dubai na Bahrain, na bidhaa nyingi zinazoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Ulaya hupita Bab el Mandeb. Baadhi ya visa vikubwa vya historia hii vimetokea katika maji ambayo majahazi ya wazee wetu yalikuwa yakipita kila msimu.

TUANZIE VITA VYA PILI

Tarehe 10 Disemba 1941, karibu na pwani ya Malaya, ndege za Kijapani zilizizamisha manowari mbili kubwa za Uingereza, Prince of Wales na Repulse. Walikufa zaidi ya watu 800. Prince of Wales ilikuwa mpya, tena imejaa mizinga ya kupigia ndege. Lakini joto na unyevunyevu wa tropiki viliziharibu rada zake, na mizinga yake midogo ya mitutu minane ilikuwa ikikwama kila mara kwa ubovu wa risasi. Silaha ilikuwepo, na meli ikazama. Lishike hili, manake litarudi mara kwa mara.

Baada ya hapo mataifa yakajaza sitaha za meli zao mizinga ya aina mbili: Oerlikon ya milimita 20, asili yake Uswisi, na Bofors ya milimita 40, asili yake Sweden. Cha kuchekesha ni kwamba nchi zote mbili hazikuwa vitani, na silaha zao zilitumika pande zote. Hata mizinga ya ndege za Kijapani za Zero ilitokana na Oerlikon. Biashara haina dini.

Mizinga hii ilifanya kazi nzuri mpaka Oktoba 1944, pale Wajapani walipoanza kamikaze, yaani rubani kuigeuza ndege yake iwe ndiyo bomu. Hapo hesabu yote ikabadilika. Zamani ilitosha kumtisha rubani au kumjeruhi ili akosee shabaha. Kamikaze hatishiki. Hata ukimuua kwenye kiti chake, ndege yake inaendelea na safari ile ile mpaka ikufikie. Tarehe 16 Aprili 1945, karibu na Okinawa, manowari ya Marekani iitwayo Laffey ilishambuliwa na ndege 22 hivi. Sita ziliigonga, na mabomu manne yakaipata. Mabaharia 32 walikufa. Meli haikuzama, na leo ni jumba la makumbusho huko South Carolina.

Wamarekani walijifunza mambo mawili. Kwanza, haitoshi kuitoboa ndege matundu, lazima uivunje vipande, tena mbali na meli. Risasi ya Oerlikon ilikuwa ndogo mno kwa kazi hiyo, na hata Bofors haikutosha sawasawa. Pili, jicho na mkono wa binadamu vinachelewa. Ndiyo maana walithamini sana ile fyuzi yenye rada ndogo ndani ya risasi yenyewe, inayoripuka ikikaribia ndege bila ya kuhitaji kuigusa. Ilianza kutumika vitani Januari 1943. Kwa maoni yangu hapo ndipo mashine ilipoanza kupewa uamuzi ambao kabla yake ulikuwa wa mtu.

EILAT, 1967

Vita vikaisha, na miaka ishirini watu wakasahau. Mizinga mingi ikang'olewa, wakidhani makombora makubwa ya masafa marefu yataziangusha ndege zote huko huko mbali.

Kilichowaamsha ni siku ya tarehe 21 Oktoba 1967. Manowari ya Israeli, Eilat, ilikuwa karibu na Port Said. Meli yenyewe ilijengwa Uingereza wakati wa Vita vya Pili, na silaha zake zilikuwa za zama zile zile. Boti ndogo za Kimisri zilizotoka Muungano wa Kisovieti zikairushia makombora aina ya P-15, yale ambayo nchi za Magharibi huyaita Styx. Boti hazikuhitaji hata kutoka bandarini. Mabaharia wa Eilat walijaribu kuyapiga makombora kwa mizinga yao bila ya mafanikio. Makombora matatu yaliipata, na watu 47 wakafa.

Hebu fikirini maana yake. Boti ndogo ya mbao imezamisha manowari bila ya kukaribiana. Kila jeshi la majini duniani lilijiuliza swali moja: na sisi je? P-15 lenyewe lilikuwa kombora kubwa kama ndege ndogo, zito na la mwendo wa kawaida. Na waliokuja baada yake walikuwa wabaya zaidi. Wafaransa walitengeneza Exocet, dogo, linaloruka mita chache tu juu ya mawimbi. Jina lenyewe kwa Kifaransa ni la samaki yule anayeruka juu ya maji, panzi wa baharini.

HESABU YA SEKUNDE

Hapa naomba mnivumilie kidogo kwa hesabu, kwani bila ya hesabu hii historia yote haieleweki.

Dunia ni mviringo. Rada iliyowekwa mita 20 juu ya maji haiwezi kuliona kombora linaloruka mita nne juu ya bahari mpaka lifike kama kilomita 27 hivi. Kombora kama Exocet linakwenda kama mita 300 kwa kila sekunde. Kwa hivyo tangu linapochomoza mpaka linapofika ni dakika moja na nusu, ikiwa bahari imetulia na rada imeliona mara moja. Mara nyingi haliioni mara moja, kwa sababu mawimbi nayo yanarudisha mwangwi.

Sasa mzinga mdogo wa milimita 20 unapiga vizuri kwa umbali wa kilomita moja na nusu tu. Masafa hayo kombora linayamaliza kwa sekunde tano. Na katika hizo tano, mbili za mwisho hazina faida, kwa sababu ukilivunja kombora mita 300 au 500 kutoka kwenye meli, vipande vyake vinaendelea kuja kwa mwendo ule ule, pamoja na mafuta yake yanayowaka. Umebakiwa na sekunde tatu. Hakuna baharia, awe hodari namna gani, anayeweza kuona, kuamua, kulenga na kupiga ndani ya sekunde tatu.

Kwa hivyo wahandisi wakaitoa kazi mikononi mwa baharia. Wasovieti walitangulia. Walianza kubuni AK-630 mwaka 1963, mzinga wa milimita 30 wenye mitutu sita inayozunguka, unaotoa risasi kiasi cha 5,000 kwa dakika. Uliingia rasmi jeshini mwaka 1976. Wamarekani walichukua mzinga wa ndege zao za kivita, wenye mitutu sita ya milimita 20, wakaupandisha kwenye kiti kimoja na rada mbili, moja ya kutafuta na moja ya kufuatilia. Wakaupa jina la Phalanx. Ulijaribiwa kwanza mwaka 1973, na meli ya kwanza kufungiwa kwa kazi ilikuwa manowari ya kubebea ndege Coral Sea, mwaka 1980. Waholanzi nao wakaja na Goalkeeper, yaani golikipa, wenye mitutu saba ya milimita 30. Jina hilo naliona ndilo lenye ukweli zaidi kuliko yote, manake mpira ukimfikia golikipa ujue wachezaji wengine kumi wameshapitwa.

Uhodari wa Phalanx ni huu: rada yake inalitazama kombora linalokuja, na wakati huo huo inazitazama risasi zake zenyewe zinazokwenda. Inapima tofauti baina ya viwili hivyo, halafu inajisahihisha yenyewe mpaka vikutane. Risasi zake zilikuwa na kiini cha yurani iliyopungua nguvu, kwa vile ni madini mazito, na baadaye wakahamia tangisteni. Mwanzo ulikuwa ukitoa risasi 3,000 kwa dakika, kisha ukafikishwa 4,500, sawa na 75 kwa sekunde. Ghala lake la risasi 1,550 linakwisha kwa kiasi cha sekunde 20. Kisha lazima watu wapande juu kuujaza tena. Kwa hivyo yakija makombora matatu au manne kwa mpigo kutoka pande mbalimbali, hesabu inakuwa ngumu.

FALKLAND, 1982

Mimi naishi Portsmouth, mji ambao tarehe 5 Aprili 1982 manowari za kubebea ndege Hermes na Invincible ziliondoka kwenda vitani visiwa vya Falkland. Wazee wa hapa wanaikumbuka siku ile mpaka leo. Cha ajabu ni kwamba meli zile ziliondoka bila hata Phalanx moja.

Waingereza walikuwa na kitu chengine, Sea Wolf, kombora dogo la kujikinga lililoingia kazini mwaka 1979. Lilikuwa hodari mno. Katika majaribio liliwahi kuipiga risasi ya mzinga wa milimita 114 ikiwa angani. Lakini lilikuwa ghali na zito, na ni meli chache tu zilizokuwa nalo.

Sheffield haikuwa nalo. Ilikuwa na makombora ya masafa marefu, mzinga mmoja mkubwa, na kwa mashambulizi ya karibu ilitegemea Oerlikon mbili, zile zile za vita vya babu zetu. Tarehe 4 Mei 1982 ndege mbili za Argentina aina ya Super Étendard zilirusha Exocet mbili, na moja ikaipata. Walikufa watu 20, na meli ikazama tarehe 10 Mei ikiwa inavutwa. Ripoti ya uchunguzi, iliyotolewa kamili kwa umma mwaka 2017, inasomeka kwa uchungu. Meli jirani, Glasgow, ilikuwa imeshatoa onyo. Sheffield yenyewe ilikuwa ikitumia mtambo wa kuzungumza kwa setilaiti, na mtambo huo ukaziba masikio ya kifaa cha kunasia rada za adui. Ofisa wa ulinzi wa anga hakuwepo kwenye chumba chake cha kazi. Hata vile vipande vya karatasi ya bati vya kulipoteza kombora njia havikurushwa.

Na waliokuwa na Sea Wolf je? Tarehe 12 Mei, Brilliant iliangusha ndege mbili za Skyhawk, na ya tatu ikaanguka baharini ikijaribu kukwepa. Sifa tele. Lilipokuja kundi la pili, kompyuta ile ile ikagoma, na bomu likapita ndani ya tumbo la Glasgow, likatokea upande wa pili bila ya kuripuka. Tarehe 25 Mei, Broadsword ilikuwa pamoja na Coventry kuilinda. Ndege mbili za kwanza ziliruka karibu karibu sana, mtambo ukashindwa kujua upige ipi. Zilipokuja mbili nyengine mtambo ulishazishika barabara, lakini Coventry ikakata kona kuyakwepa mabomu, ikapita mbele ya Broadsword, na kuziba njia ya kombora. Coventry ilizama na watu 19.

Utaona hapo kwamba mashine haikuwa mbaya. Iliwekwa katika hali ambazo waliyoibuni hawakuziwaza. Waingereza nao wakafanya kile ambacho kila mtu hufanya baada ya kuibiwa, wakanunua kufuli. Illustrious ilipoondoka Agosti 1982 kwenda kupokea zamu huko kusini, ilikuwa imeshafungiwa Phalanx mbili za haraka haraka.

GHUBA: STARK NA VINCENNES

Sasa twende Ghuba, na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu.

Tarehe 17 Mei 1987, wakati wa vita vya Irani na Iraki, manowari ya Marekani Stark ilikuwa kaskazini mashariki ya Bahrain. Ndege ya Iraki iliikaribia. Wamarekani waliiona ndege tangu mbali, lakini Iraki haikuwa adui yao wakati ule, na ndege kama zile walikuwa wakiziona kila siku. Ndege ikarusha Exocet mbili. Aliyeziona mwanzo hakuwa rada wala kompyuta, alikuwa baharia wa zamu kwa macho yake, na zimebaki sekunde tu. La kwanza halikuripuka, lakini mafuta yake yaliwasha moto. La pili likaripuka. Mabaharia 37 wakafa.

Stark ilikuwa na Phalanx, nzima, haina ubovu wowote uliowazuia kuitumia. Ilikuwa imewekwa katika hali ya kusubiri. Kwa nini? Kwa sababu mashine hii ukiiwasha kamili inapiga chochote kinachokuja kwa mwendo na njia fulani. Haimjui rafiki wala haimjui abiria. Na Ghuba ile ilikuwa imejaa helikopta, ndege za abiria, ndege za nchi jirani. Nahodha anayeiwasha muda wote katika njia kama ile anacheza na roho za watu. Asiyeiwasha anacheza na roho za mabaharia wake.

Usingizi wa mashine ile ulikuwa ni uamuzi wa watu. Na matokeo yake ni kuwa kila nahodha wa Marekani aliyekuja Ghuba baada ya hapo alikuja na jina la Stark kichwani. Walipewa ruhusa pana zaidi ya kupiga kwanza.

Haukupita mwaka na nusu. Tarehe 3 Julai 1988, manowari Vincennes, yenye mtambo wa hali ya juu kabisa wa zama zile uitwao Aegis, ilikuwa imepigana na boti ndogo za Irani katika mlango bahari wa Hormuz. Ikaiona ndege imepanda kutoka Bandar Abbas. Ilikuwa ni ndege ya abiria ya Iran Air, safari namba 655 kwenda Dubai. Safari ile ni fupi, wengi wanaoipanda ni watu wa kawaida, wafanyabiashara na familia. Vincennes iliipiga kwa makombora mawili, na watu wote 290 wakafa, 66 kati yao watoto. Uchunguzi wa Marekani wenyewe ulikuta kwamba kompyuta ilikuwa imeandika sahihi kuwa ndege inapanda juu. Watu ndio waliopaza sauti kuwa inashuka kuja kwao. Hofu ilisoma kisichoandikwa. Mwaka 1996 Marekani ikakubali kulipa dola milioni 61.8 kwa jamaa za waliokufa.

Ni kweli makombora ya Vincennes si ya kinga ya mwisho, ni ya masafa marefu. Lakini siwezi kuieleza Stark nikaiacha Vincennes. Ni kisa kimoja chenye kurasa mbili. Katika ukurasa wa kwanza watu hawakuamini hatari iliyokuwepo, wakafa 37. Katika wa pili waliamini hatari isiyokuwepo, wakauawa 290 wasiokuwa na silaha. Na hao wa pili ndio wanaosahaulika haraka katika vitabu vya fani.

MASHINE ISIYOMJUA MWENYEWE

Kwa wale wanaodhani mashine hazikosei, nitataja visa vichache tu.

1. Mwaka 1983 manowari ya Marekani Antrim ilikuwa mazoezini. Phalanx ililipiga chombo cha mazoezi kisichokuwa na rubani, ikakiharibu kama inavyotakiwa. Vipande vikadundadunda juu ya maji, vikaifikia meli, vikawasha moto na kumuua mkufunzi mmoja wa kiraia.

2. Mwezi Aprili 1987 meli ndogo ya Kisovieti iitwayo Musson iligongwa mazoezini na kombora la shabaha lisilokuwa na baruti. Mafuta peke yake yalitosha, wakafa watu 39.

3. Tarehe 25 Februari 1991, katika vita vya Kuwait, Iraki iliirushia manowari Missouri kombora la Silkworm. Gloucester ya Uingereza ililiangusha kwa kombora la Sea Dart, kazi safi kabisa. Lakini Phalanx ya manowari Jarrett iliziona zile karatasi za bati zilizorushwa na Missouri kulihadaa kombora, ikahadaika yenyewe, ikazipiga. Risasi nne zikaipata Missouri.

4. Tarehe 4 Juni 1996 manowari ya Japani Yūgiri ilikuwa mazoezini na Wamarekani. Ndege ya Kimarekani ilikuwa ikivuta shabaha kwa kamba ndefu. Phalanx ikaiacha shabaha ikaipiga ndege. Marubani wote wawili walijirusha wakaokolewa.

Visa viwili vya mwanzo vinaonyesha kwamba mzinga peke yake unapiga karibu mno. Marekani na Ujerumani ziliunda kombora dogo liitwalo RAM, lililoingia kazini mwaka 1992. Linafika kama kilomita tisa, na linaongozwa na mawimbi ya rada ya kombora lenyewe la adui na kwa joto lake. Unalirusha na kulisahau, halafu unarusha jengine. Siku hizi meli nyingi zina vyote viwili.

Jeshi la Oman nalo lilifuata njia hiyo hiyo ya makombora. Manowari zake Qahir Al Amwaj na Al Mua'zzar, zilizojengwa Southampton na kuingia kazini mwaka 1996, zilipewa makombora ya Kifaransa ya Crotale kwa kujikinga. Na zile tatu za Al Shamikh zilizojengwa hapa hapa Portsmouth zina makombora ya Mica yanayopanda wima. Nilizishuhudia zikiwa bandarini kabla ya kuondoka, na nakiri nilifurahi kusoma maandishi ya Kiarabu kwenye tezi yake katika mji huu wa Kiingereza. Kwetu Kenya, boti za Nyayo na Umoja za miaka ya 1980 zilikuwa na mizinga ya milimita 76 na ya milimita 40, jamaa wa Bofors ile ile.

USINGIZI TENA

Mtu angedhani baada ya Sheffield na Stark kila mmoja amejifunza. Tarehe 14 Julai 2006, karibu na Beirut, manowari ya Israeli Hanit ilipigwa na kombora la aina ya C-802 lililorushwa na Hizbullah. Wakafa mabaharia wanne. Hanit ilikuwa na Phalanx na makombora ya Barak ya kujikinga, vyote havikuwa vimewashwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba hawakudhani adui ana kombora la namna ile. Na hao ni taifa lile lile lililopoteza Eilat!

Kisha ikaja Moskva, kinara wa meli za Urusi katika Bahari Nyeusi. Ilikuwa na AK-630 sita, makombora mafupi ya Osa, na makombora marefu 64. Tarehe 13 Aprili 2022 ikapata moto, na siku ya pili yake ikazama. Warusi walisema ni baruti za ndani zilizoripuka. Ukraini, na maafisa wa Marekani baada yake, walisema ni makombora mawili ya Neptune.

BAHARI YA SHAM

Tangu mwishoni mwa 2023 Mahouthi wa Yemen walianza kuzipiga meli katika Bahari ya Sham na Ghuba ya Aden. Hapo silaha hizi zilipata mtihani mkubwa kuliko wowote tangu 1982, na safari hii kwa sehemu kubwa zilifaulu. Makombora na ndege zisizo na rubani ziliangushwa nyingi, karibu zote zikiwa mbali. Lakini tarehe 30 Januari 2024 moja liliwapita wachezaji wote. Lilifika kama maili moja kutoka kwenye manowari ya Marekani Gravely, na Phalanx yake ikaliangusha. Maili moja, yaani sekunde chache. Mzinga uliobuniwa kabla ya wengi wa mabaharia wale kuzaliwa uliwaokoa. Safari hii ulikuwa umewashwa, na waliouwasha walikuwa macho.

Hesabu nyengine ikadhihirika huko, nayo ni ya fedha. Kombora la kujikinga la zaidi ya dola milioni linapigiwa chombo cha bei ya gari. Kwa hivyo mizinga, iliyodhaniwa imepitwa na wakati, ikarudi kuheshimiwa. Manowari ya Ujerumani Hessen mwezi Februari 2024 iliangusha vyombo viwili, kimoja kwa mzinga na kimoja kwa RAM. Wataliani nao walitumia mizinga ya milimita 76.

Lakini naomba tusiondoke hapa kwa kushangilia manowari tu. Meli zilizoumia kweli zilikuwa za biashara, ambazo hazina rada ya kivita wala mzinga. Rubymar ilizama Machi 2024. Mwezi huo huo mabaharia watatu wa True Confidence waliuawa. Mwezi Juni Tutor nayo ikazama. Mabaharia wa meli za namna hii ni watoto wa maskini, wengi kutoka Ufilipino, India na nchi kama zetu. Kinga yao wao ilikuwa ni kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na gharama ya mzunguko huo ikalipwa na kila mnunuzi.

NINAYOYAONA MIMI

Wahenga wametuachia misemo miwili inayogombana: ajali haina kinga, na tahadhari kabla ya hatari. Ukiitazama historia hii utaona kwamba yote miwili ni ya kweli, lakini si kwa kiasi sawa. Coventry ilikuwa ajali, meli mbili zilizokuwa zikijaribu kuokoana zikapitana vibaya. Sheffield, Stark na Hanit hazikuwa ajali za namna hiyo. Katika kila moja palikuwa na silaha, au onyo, au vyote viwili, na palikuwa na mtu aliyejiambia "leo hakuna kitu".

Ndiyo maana siwafiki wanaosema teknolojia ni porojo. Gravely ni ushahidi. Wala siwafiki wanaotaka mashine iachiwe iamue kila kitu, na huu ndio mjadala wa leo, kwani yanayosemwa sasa kuhusu kompyuta zinazofikiri na silaha zinazojiendesha yalianza na Phalanx miaka zaidi ya arubaini iliyopita. Mashine imepewa zile sekunde tatu kwa sababu mtu haziwezi. Sawa, nakubali. Lakini dakika na saa zilizotangulia sekunde hizo bado ni za mtu: nani tunamwita adui, njia gani ni ya abiria, swichi iwashwe lini na izimwe lini. Mtu akikimbia jukumu la dakika, mashine haitamsaidia katika sekunde. Na akiwasha kwa hofu bila ya kutazama, watakaolipa ni wale 290 waliokuwa wakienda Dubai.

Kwa hivyo kila nikisikia habari ya manowari mpya yenye kinga isiyopitika, huwa siulizi ina mitutu mingapi. Nauliza nani yuko zamu, na ameambiwa nini kabla ya kukaa kwenye kiti kile.

Mwenye kujua zaidi, hasa waliokuwa Ghuba miaka ile ya 1987 na 1988, atufaidishe.

Wasalaam.